Kanisa letu la mawe: mlango una mwaka wake, jiwe la msingi lina wake. Tushike upi?

Karani wa Usharika

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na shikamooni wakubwa wote humu.

Kamati ya historia ya usharika wetu (KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, upande wa juu wa Old Moshi, Kilimanjaro) imepewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya usharika na jengo lake la zamani kabla ya sikukuu ya mwakani. Jengo ni la mawe ya mlimani, paa la bati, mnara mfupi wenye kengele moja, na ubavu wa kusini umeongezwa kwa bloku. Juu ya mlango mkubwa kuna mwaka umechongwa kwenye ubao. Jiwe la msingi kwenye kona lina mwaka mwingine, ila limepakwa chokaa mara nyingi mno na maandishi mengine hayasomeki. Wazee nao wanataja mwaka wa tatu. Daftari za ubatizo zipo kabatini. Za mwanzo ni za Kijerumani, mwandiko wake hata anayejua Kijerumani kidogo anashindwa.

La pili ndilo linalotubana. Kamati ya ujenzi imeshachangisha fedha kwenye mnada wa mavuno, na mwezi wa pili inataka kupiga lipu ya saruji ukuta wote, ndani na nje, na kushusha kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ya zamani. Naomba wanaojua: umri wa jengo tunaupataje kwa uhakika? Nini kirekodiwe kabla mafundi hawajaingia? Na lipu hiyo ni sawa kwa ukuta ambao mawe yake yameunganishwa kwa udongo?

---

Nyaraka Kaskazini

Amina. Karani, kwanza acheni kutafuta mwaka mmoja. Vijitabu vingi vya sharika za mlimani vinaharibikia hapo: mtu anachukua mwaka wa wamisionari kufika na kuuandika chini ya picha ya jengo lililopo leo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi yameachana kwa miongo.

Mpangilio mkubwa unajulikana. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa Moshi kwa Mangi, yaani chifu, Rindi (Wazungu walimwita Mandara) kuanzia 1885, wakaondoka 1892. Leipzig, yaani misheni ya Kilutheri kutoka Ujerumani, walianza Machame 1893, Mamba 1894, na Moshi, yaani Kidia, 1896. Upande wa Meru wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896, ndiyo maana Nkoaranga ilianza 1902 tu, na Ilboru kwa Waarusha 1904. Kwa hiyo mzee akisema "kanisa letu ni la 1896", huenda anasema kweli kabisa juu ya kituo cha Kidia, lakini hajasema lolote juu ya ukuta wenu.

Fungueni jedwali lenye mistari tofauti: neno lilipofika eneo hilo, shule au nyumba ya kwanza ya ibada (kwa kawaida miti, udongo na majani makavu ya migomba), ubatizo wa kwanza kwenye daftari, mtaa (tawi la kanisa) ulipopandishwa kuwa usharika, jiwe la msingi, kuwekwa wakfu, halafu kila nyongeza ya jengo mstari wake. Mbele ya kila mwaka andikeni umetoka wapi: daftari gani, ukurasa gani, jiwe lipi, mzee gani, alisema tarehe ngapi. Mwaka usio na chanzo uachwe nje ya kijitabu hata kama kila mtu anauimba.

Jiwe la msingi linaonyesha ujenzi ulipoanza. Mwaka wa juu ya mlango unaweza kuwa wa kumalizika, wa kuwekwa wakfu, au wa mlango wenyewe ulipobadilishwa. Kwa kuwa wenu umechongwa kwenye ubao na si kwenye jiwe, ubao huo uchunguzeni kama kitu kinachojitegemea. Seremala yeyote akibadilisha fremu anaondoka na mwaka au anauleta.

Jiwe lililozibwa na chokaa msilikwangue kwa patasi wala brashi ya waya. Nendeni usiku na tochi, iwekeni ubavuni mwa jiwe karibu igusane nalo, mwanga upite sambamba na uso wa jiwe. Herufi zilizozama zitatoa kivuli. Pigeni picha mwanga ukitoka kushoto, kisha kulia, juu na chini, simu ikiwa imesimama palepale. Herufi isiyoonekana kwenye picha ya kwanza hutokea kwenye ya tatu. Angalieni pia lugha ya maandishi: Kijerumani, Kichagga au Kiswahili. Na umbo la herufi.

Mashimo kwenye kumbukumbu yana sababu zake, msidhani daftari zimeibwa. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa 1920, Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana wakaja kuanzia 1922, Leipzig wakarudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya 1939 vikaleta mambo yaleyale: Wajerumani wakawekwa kizuizini na Waagustana wakabeba mzigo tena. Katika vipindi hivyo waliolisimamisha kanisa ni walimu na wainjilisti Wachagga, ambao waliandika kidogo na mara nyingi kwenye daftari la shule. Kwa hiyo tafuteni pia kwenye makabati ya shule ya msingi iliyo jirani.

---

Mwashi wa Kiboriloni

Mimi nijibu la ukuta, maana mwezi wa pili hauko mbali.

Hapana. Msipige lipu ya saruji kwenye ukuta wa mawe na udongo.

Ukuta wa namna hiyo unaishi kwa kupumua. Maji huingia, ya mvua na ya ardhini, na hutoka kupitia viungo vya udongo na lipu laini. Ukiuvika saruji ya 1:4 (saruji moja kwa mchanga nne), maji yanaingia kwenye nyufa ndogo za saruji, ambazo hazikosi, halafu hayana pa kutokea. Udongo ndani ya viungo unalainika. Kwa miaka miwili mitatu ukuta utaonekana mzuri kweli. Baada ya hapo mtaona mita moja ya chini inavimba, rangi inabanduka, chumvi nyeupe inatoka kama unga, na ukigonga kwa kifundo cha kidole panalia kama debe. Lipu ikianguka inashuka na uso wa jiwe pamoja na udongo, na mliouharibu hapo ni ukuta wenyewe.

Kabla ya yote jueni mna udongo au chokaa kwenye viungo. Chagueni sehemu tatu, moja kila upande wa jengo la zamani, mahali palipojificha. Kwangueni kwa msumari wa inchi nne. Udongo unatoka kama vumbi, na ukiweka kwenye maji unayeyuka na kuyachafua. Chokaa inakwaruzika ikiacha unga mweupe, na ukiidondoshea siki au ndimu inatoa povu. Saruji msumari unateleza tu, au unaacha mstari wa kijivu. Povu peke yake lisiwadanganye, saruji ya zamani nayo hutoa povu kidogo. Unganisheni vipimo vyote.

Mara nyingi mtakuta mchanganyiko: udongo ndani ya ukuta, chokaa kwenye milimita 20 au 30 za nje. Hiyo haikuwa kubahatisha. Chokaa ilikuwa ghali na ilibebwa kutoka mbali, kwa hiyo ilitumika pale mvua inapopiga.

Lipu inayofaa ni ya chokaa, rojo (chokaa iliyozimwa na kulowekwa) moja kwa mchanga tatu. Kwa kupima kwa ndoo: ukuta wa mita 12 kwa 4, unene wa jumla milimita 20, unahitaji karibu mita moja ya ujazo. Hiyo ni ndoo 48 za lita 20 za mchanga na ndoo 16 za rojo, kwa sababu rojo linajaza nafasi kati ya chembe za mchanga na haliongezi ujazo sana. Mfuko wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa hutoa rojo chini kidogo ya ndoo mbili, hivyo hesabuni mifuko tisa, mchukue kumi. Loweka kwenye mapipa, maji yafunike juu kwa upana wa viganja viwili, ikae wiki mbili kwa uchache. Miezi mitatu ni bora zaidi. Rojo zuri linakatika kwa mwiko kama siagi. Mfuko uliokaa dukani mwaka mzima ukagandamana, msiununue, umeshavuta hewa na nguvu imekwisha. Mkipata chokaa mbichi ya mawe, tieni chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa, maana hulipuka na kuunguza macho. Miwani na glavu kwa kila mtu.

Mchanga upimwe. Jaza theluthi moja ya chupa ya plastiki, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha masaa matatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi sehemu moja ya kumi, uoshwe au utafutwe mwingine. Epukeni mchanga wa tambarare za chini wenye magadi. Ukikauka unaacha ukoko mweupe, na ukoko huo utautoa ukutani.

Pigeni tabaka mbili, kila moja milimita 8 hadi 10. Lowesheni ukuta jioni ya kuamkia kazi, na asubuhi tena. Kati ya tabaka subirini siku kumi au zaidi. Kila tabaka lifunikwe kwa magunia mabichi siku saba, jua lisilichome. Chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa, taratibu sana, karibu milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana mwezi wa pili haufai hata kidogo: masika yanaingia Machi na lipu bado ni changa. Anzeni Juni, mmalize Septemba kabla ya vuli.

Na kabla ya lipu yoyote, angalieni usawa wa ardhi nje. Makanisa ya zamani yanazama, kwa maana kwamba udongo unapanda kila mwaka kwa mmomonyoko na kwa maua yanayopandwa ukutani. Ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, na mfereji wa mita moja kutoka ukutani. Nusu ya unyevu wa kuta za mlimani unatoka hapo. Jembe moja na siku mbili za kazi ya vijana zinamaliza.

---

Seremala Rau

Mwashi kasema yote ya ukuta. Naongeza kenchi, maana ikishashushwa na kuuzwa kuni hakuna atakayejua ilikuwaje.

Pandeni juu mkiwa na tochi, futi kamba na simu. Angalieni alama za msumeno kwenye ubavu wa mbao. Mbao za kupasuliwa kwa msumeno wa watu wawili zina mistari iliyonyooka, imeinama kidogo, na haina nafasi sawa. Mashine ya duara inaacha mistari ya upinde. Kisha pimeni. Wajerumani walitumia mita. Mbao zao mara nyingi huangukia sentimita kamili, 10 kwa 12, 12 kwa 16. Baada ya Waingereza kushika nchi mbao zikawa za inchi: mbili kwa nne ni milimita 51 kwa 102, na zikikauka hupungua kidogo. Mlango wa sentimita 90 na mlango wa futi tatu, ambao ni sentimita 91.4, ukiutazama hutofautishi. Kwa futi kamba unatofautisha. Pimeni mbao kumi na mchukue wastani, moja haithibitishi kitu.

Aina ya mbao pia ni shahidi. Saipresi na paina zinatoka mashamba ya miti ya kupandwa, kama West Kilimanjaro na Rongai. Mkiona kenchi ya saipresi, hiyo si ya miaka ya Wajerumani hata kama ukuta ni wao. Podo na mbao nyingine za msitu wa asili zinaweza kuwa za zamani, lakini haziwezi peke yake kuthibitisha.

Bati: geuzeni moja upande wa chini, mahali ambapo halijaona jua. Muhuri wa rangi wa kiwanda hubaki. ALAF, kiwanda cha mabati, ilianza 1960, hivyo bati lenye jina hilo limewekwa baada ya hapo. Bloku za ubavu wa kusini zitazameni kwa jicho hilohilo: kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha 1966, kabla yake saruji ilikuwa ya kuagizwa. Halimaanishi kuta za bloku hazikuwepo, linamaanisha zilikuwa za gharama, na usharika uliozijenga lazima uliandika mahali michango ile.

Reli nayo. Njia ya Tanga ilifika Moshi 1911. Kabla ya hapo bati na saruji vilipanda kwa vichwa vya wapagazi. Mkidai kanisa lilikuwa na paa zima la bati kabla ya 1911, tafuteni barua au picha ya kulithibitisha.

Halafu, kwa nini kenchi ishushwe? Chukueni bisibisi, chomeni kila mguu wa kenchi pale unapokaa juu ya ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita moja, hapo pameoza. Kwa kawaida panaoza sentimita 30 hadi 60 za mwisho tu, kwa sababu bati la ukingoni linavuja, na juu pote mbao ni chuma. Fundi mzuri anakata kipande kibovu na kuunga kipya kwa boliti mbili, maungio yawe na urefu wa mara tatu au nne ya kina cha mbao. Ni sehemu ndogo ya gharama, na jengo linabaki na kenchi yake.

---

Karani wa Usharika

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumefanya vipimo jana jioni. Viungo: ndani ni udongo mwekundu, nje chokaa, povu lilitoka. Unene wa ukuta sentimita 55. Kenchi ina mistari iliyonyooka. Ukuta wa magharibi una ufa wa ngazi unaoanzia kona ya dirisha kwenda chini, upana unaingiza sarafu. Kengele ina maandishi lakini iko juu na imeota kutu.

Maswali: huo ufa tuuzibe? Kengele tuisomeje? Na zile daftari za Kijerumani zifanyweje, kabati lina mchwa.

---

Mwashi wa Kiboriloni

Ufa msiuzibe bado. Mkiuziba hamtajua kama unatembea. Pigeni mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa na tarehe pembeni. Katikati gundisheni kipande chembamba cha kioo kwa plasta ya jasi, kioo kilale kukatisha ufa. Kikipasuka, ukuta unatembea. Pimeni upana tarehe moja kila mwezi, mahali palepale, masika na kiangazi, mwaka mzima. Ufa wa ngazi chini ya dirisha kwa kawaida ni msingi unaokaa vibaya upande mmoja, na ukichimba unakuta maji ya paa yanamwagika hapo. Tazameni kama upande huo una mfereji wa bati, na maji yake yanaishia wapi. Kama kioo kinapasuka ndani ya miezi miwili, au upana umezidi milimita 5, mwiteni mhandisi. Kona ikianza kutoka nje ya timazi, watu wasiketi chini yake.

Ukithibitika kuwa umetulia, ufa unajazwa kwa chokaa na vipande vya jiwe, si saruji.

---

Nyaraka Kaskazini

Kutu kwenye kengele ni habari njema kwa msomaji. Shaba haioti kutu nyekundu, inaota kijani. Kengele yenye kutu ni ya chuma cha kumimina, si ya shaba, na makanisa mengi ya misheni ya Kijerumani yalipata kengele za chuma kutoka Bochumer Verein, kiwanda cha chuma cha Ujerumani. Kiwanda hicho kiliweka jina lake na mwaka kwenye kengele. Msipige msasa. Pangusa vumbi kwa brashi laini, wekeni karatasi nyembamba juu ya maandishi, mtu mmoja aishike isisogee, mwingine asugue kwa mkaa au kalamu ya nta iliyolazwa. Herufi zilizoinuka zitatokea nyeusi. Ila kumbukeni mwaka wa kengele ni wa kengele. Kengele iliweza kuning'inia kwenye nguzo za miti nje miaka mingi kabla ya mnara kujengwa.

Daftari. Leo hii zitoeni kwenye kabati la mchwa, ziwe juu ya rafu ya chuma, sentimita 10 mbali na ukuta. Msizitie plastiki za kubana kwa joto (lamineti), msibandike selotepu, msizianike juani. Lamineti haitoki tena, na selotepu inageuka kahawia na kula wino. Ukurasa uliochanika uwekwe kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, basi.

Pigeni picha kila ukurasa, hata mtupu. Karibu na dirisha, bila flashi, simu imeegemezwa juu ya vitabu viwili itazame chini moja kwa moja. Kando ya ukurasa wekeni rula. Majina ya faili yaanze na aina, kisha namba ya daftari, kisha ukurasa: ubatizo-01-003. Nakala mbili, moja ibaki usharikani na moja ipelekwe ofisi ya dayosisi Moshi, kwenye diski tofauti.

Mwandiko unaitwa Kurrent. Ndani yake herufi ya e inafanana na n yetu, u ina kijipinde juu ili isichanganywe na n, na s ya katikati ya neno ni ndefu kama f. Hamhitaji kujua Kijerumani chote. Daftari ni jedwali, maneno yanajirudia: geboren ni amezaliwa, getauft ni amebatizwa, gestorben ni amefariki. Anzeni na majina ya koo mnayoyajua, yasomeni kwanza, halafu tumieni herufi zake kama ufunguo wa mengine. Tahajia yao ni ya Kijerumani: Moschi, Madschame, Dschagga, Aruscha. Mkitafuta mtandaoni andikeni hivyohivyo, la sivyo hamtapata kitu.

Barua na ripoti za Leipzig zimehifadhiwa Franckesche Stiftungen, mjini Halle. Picha za misheni nyingi zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California, na hapo ndipo mnaweza kufaidi sana. Mkipata picha ya kanisa msitazame watu tu. Hesabuni madirisha ya ubavu, angalieni paa ni majani au bati, na tazameni Kibo na Mawenzi zinakaa wapi nyuma ya jengo. Pigeni picha mpya kutoka palepale. Kama mlima unakaa tofauti, ile ni nyumba nyingine, na mmejiepusha na kosa kubwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliishi Kidia miaka mingi hadi 1938 na aliandika mengi juu ya maisha ya Wachagga, lakini alichoandika juu ya ukoo na jirani kisichukuliwe kuwa maelezo ya jengo lenu.

Kipindi cha Augustana karatasi ziko Marekani. Mambo ya viwanja na mali za adui (yaani za Wajerumani) baada ya vita ya kwanza ya dunia yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Kwa wazee: msimwulize mtu "mwaka gani". Mwulizeni ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo tarehe yake inajulikana. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilipoanza (1933). Marealle alipokuwa Mangi Mkuu. Uhuru. Azimio la Arusha. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, 1977. Vita ya Kagera. Kwa kumbukumbu za mababu, kunyongwa kwa Mangi Meli Machi 1900 na kufika kwa reli. Waketisheni wazee wawili wa rika moja pamoja, mmoja anamrekebisha mwenzake na mnapata jibu bora kuliko la mmoja mmoja. Waacheni waongee Kimochi (Kichagga cha Old Moshi), na maneno ya ujenzi wayataje kwa Kimochi. Tafsiri ifuate baadaye, rekodi ya asili isiguswe.

---

Ilboru Juu

Naongeza kidogo kwa walio Arusha, hasa wa Presbiteri. Njia ya Nyaraka Kaskazini ni ileile ila vyanzo ni vingine. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) limetokea upande wa Kenya: Waskoti walianzia Kibwezi 1891, wakahamia Kikuyu 1898. Kwa hiyo kwa ushirika wa PCEA ulio Arusha, karatasi za mwanzo zitafuteni kwenye mihtasari ya presbiteri upande wa Kenya kabla ya kupekua Arusha, na za misheni yenyewe ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Kwa Wapresbiteri muhtasari wa baraza la wazee ndio mzizi: uamuzi wa kununua kiwanja, kuezeka, kuomba mkopo, vyote hupita hapo. Someni mihtasari yote mfululizo, msiruke kwenda kwenye vikao vya ujenzi tu, kwa sababu uamuzi wa bati unaweza kujificha katikati ya kikao cha ndoa.

Na jambo la sheria, linalohusu wote. Watu wanadhani kanisa la zamani linalindwa lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Makanisa yetu yote ya mlimani na ya Meru ni ya baadaye. Hayana ulinzi huo mpaka yatangazwe rasmi. Kwa hiyo mlinzi wa jengo la Karani, kwa sasa, ni baraza la wazee la usharika wake. Likipitisha lipu ya saruji, hakuna ofisi itakayokuja kuizuia.

---

Karani wa Usharika

Tumewasilisha haya kwa mchungaji na baraza la wazee. Lipu imesogezwa hadi Juni, kenchi itapimwa kwanza kwa bisibisi kama alivyoelekeza Seremala. Jiwe la msingi tumelimulika usiku: mwaka unasomeka wote, na chini yake kuna mstari wa Kichagga ambao hakuna aliyejua upo. Mchoro wa jengo ndio umebaki. Tuna futi kamba ya mita 30. Tunapimaje?

---

Mwashi wa Kiboriloni

Watu watatu: wawili washike, mmoja aandike. Chora kwanza umbo kwa mkono, karatasi nzima, ndipo mpime. Kwa kila ukuta kamba ianze kwenye kona moja na isiondolewe. Someni mwanzo wa dirisha, mwisho wa dirisha, mwanzo wa linalofuata, mpaka kona ya pili. Mkipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, makosa yanarundikana. Pimeni mishazari yote miwili ndani. Ikilingana, na kuta zinazokabiliana zikiwa na urefu sawa, kona ni mraba. Isipolingana, andikeni hivyohivyo, msiinyooshe kwenye mchoro. Unene wa ukuta upimwe kwenye kila mlango na dirisha, maana unene ukibadilika ghafla mmefika mahali jengo lilipoongezwa. Kipimo cha mchoro 1:100, kaskazini ionyeshwe, na ufa wa magharibi uchorwe mahali pake na tarehe.